Pumzi za Toots Thielemans

Mpiga saksafoni hupuliza tu. Hewa ikimwishia anavuta, na hapo muziki unanyamaza kidogo mpaka kifua kijae tena. Mpiga harmonika hana nafasi hiyo. Akipuliza inatoka sauti, akivuta inatoka nyingine, kwa hiyo pumzi yake inayoingia na inayotoka zote ni muziki. Ukilitazama juu juu unaona ni faida. Kwa anayetaka kupiga jazi ni mtihani, maana kila pumzi inapogeuka, wimbo nao unataka kukatika. Toots Thielemans aliishi na mtihani huo kwa zaidi ya miaka 60, na hata ukimsikiliza kwa makini ni vigumu kujua wapi anavuta na wapi anapuliza.

Alizaliwa Brussels, Ubelgiji, tarehe 29 Aprili 1922, katika mtaa wa Marolles, ambako wazazi wake walikuwa na mkahawa. Akiwa na miaka mitatu alikuwa tayari anachezea akodiani. Wapenzi wa taarab wanaijua akodiani vizuri. Akodiani na harmonika ni ndugu wa damu, zote zinaimba kwa vilimi vidogo vya chuma vinavyotikiswa na hewa. Ila akodiani ina mivukuto yake, na harmonika haina kingine isipokuwa kifua cha mtu. Kifua cha Thielemans kilikuwa kinasumbuliwa na pumu.

Harmonika aliishika ujanani, baada ya kumwona Larry Adler kwenye filamu. Adler, mzaliwa wa Baltimore, alikuwa ameitoa harmonika barabarani akaiingiza kwenye kumbi kubwa. Thielemans alimhusudu, lakini hakutaka kupiga kama yeye. Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani wakiwa wameikalia Ubelgiji, masikio yake yalikuwa kwenye sahani za santuri za mpiga tarumbeta Louis Armstrong na kwenye gita la Django Reinhardt, naye akajifunza gita. Vita vilipokwisha akamsikia mpiga saksafoni Charlie Parker. Hata jina la Toots alilichukua kwa wanamuziki wa jazi, Toots Mondello na Toots Camarata.

Ukiwatazama walimu hao unaona jambo moja: tarumbeta, gita, saksafoni. Wa harmonika alikuwa Adler peke yake, na huyo alimpa chombo tu. Lugha ya kuzungumza kwa chombo hicho Thielemans aliitafuta kwingine, akawa anaidai harmonika mambo ambayo haikuundwa kuyafanya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Harmonika ya kromatiki ina matundu 12 na vilimi 48, na pembeni kuna kitufe. Ukikibonyeza, kila sauti inapanda nusu toni. Tundu la nne ukilipuliza linatoa Do, ukilivuta linatoa Si. Lakini livute huku umebonyeza kitufe: Si inapanda nusu, nayo inakuwa Do ile ile. Fa nayo kadhalika. Ipo katika kuvuta tundu la pili, na ipo pia katika kupuliza Mi ya tundu hilo hilo huku kitufe kimebonyezwa. Basi mpigaji ana njia zaidi ya moja ya kufika, na kila mara anapaswa kuchagua: niichukue Do kwa pumzi ya kutoka au ya kuingia? Jibu linategemea sauti iliyotangulia, inayofuata, na hewa iliyobaki kifuani. Katika kasi ya bebop, jazi ya akina Parker, sauti sita au saba zinapita kwa sekunde moja. Matundu hayaonekani, yako midomoni. Wakati huo huo wimbo wenyewe unabuniwa papo hapo.

Thielemans alifikia mahali ambapo uchaguzi huo haukusikika tena. Mimi naona huo ndio ufundi wake hasa.

Mwaka 1950 alizunguka Ulaya na mpiga klarineti Benny Goodman, kisha akahamia Marekani, akapiga na Parker mjini Philadelphia. Kuanzia 1953 hadi 1959 alikuwa katika kundi la mpiga piano George Shearing, zaidi kama mpiga gita. Mwaka 1962 ulimwengu ukaisikia "Bluesette", wimbo wake wa mapigo matatu, gita na mbinja vikienda sauti kwa sauti. Studio zikawa zinamwita kila siku. Aliyetazama filamu ya Midnight Cowboy ya 1969, au kipindi cha watoto cha Sesame Street, amemsikia, hata kama jina lake halijui.

Lakini mtu akiniuliza aanzie wapi, nitampa Affinity, santuri aliyorekodi na mpiga piano Bill Evans, ikatoka mwaka 1979. Sikiliza "I Do It for Your Love", wimbo wa Paul Simon. Evans anaweka sauti zake kwa upole, kila moja na uzito wake, na harmonika inapita juu yake bila haraka. Thielemans anaishikilia sauti moja nyembamba, mwanzoni kavu kabisa, kisha anaitikisa kidogo kabla ya kuiachia. Mtu mwenye kasi ya namna ile angeweza kujaza kila pengo. Anayaacha mapengo wazi, na Evans anayatumia.

Mwaka 1981 alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukadhoofika, na gita likawa tabu. Harmonika ilibaki. Miaka kumi na moja baadaye alirekodi The Brasil Project pamoja na Ivan Lins, Gilberto Gil, Milton Nascimento na wengine wa Brazil, nchi ambayo muziki wake aliupenda tangu alipotoa santuri na mwimbaji Elis Regina mwaka 1969. Mfalme wa Ubelgiji alimpa cheo cha baroni mwaka 2001. Alistaafu mwaka 2014, akafariki tarehe 22 Agosti 2016, akiwa na miaka 94.

Kwa miaka mingi, kura za jarida la jazi la DownBeat zilimweka Thielemans katika kundi la vyombo vinginevyo, naye akawa anashinda humo mara kwa mara. Kisha wakaja wengine nyuma yake. Hendrik Meurkens wa Hamburg alikuwa mpiga vibrafoni alipomsikia, naye akaichukua harmonika. Grégoire Maret wa Geneva amepiga na mpiga gita Pat Metheny na mpiga piano Herbie Hancock, na kwenye makundi yao chombo alichoitiwa ni harmonika.