Mluzi wa Breki Baada ya Pedi Mpya

Gari likiingia gereji kimya na likatoka likipiga mluzi, hukumu huangushwa papo hapo juu ya kile kilichobadilishwa: mwenye gari huituhumu pedi mpya kuwa ni bandia, na fundi, ambaye aghalabu ndiye aliyekwenda kuinunua dukani, hujibu kwamba pedi ngumu ndivyo zilivyo na kwamba zitalainika zenyewe zikishatembea. Dhana zote mbili zaweza kuwa kweli; lakini katika gari nitakalolieleza hapa, saluni ndogo ya Kijapani iliyokwisha kukaa miaka mingi katika hewa ya chumvi ya Mombasa, hapana hata moja iliyosadifu, na ithibati ya jambo hilo ilikuwa imelala ndani ya pipa la taka la gereji tangu siku pedi zilipofungwa.

Kabla ya kulegezwa nati yoyote ilibidi kelele yenyewe ihojiwe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa gurudumu, hali mguu haujagusa pedali, mara nyingi hutoka kwenye bati la kukingia vumbi lililopindwa wakati wa kazi, au kwenye kile kibati chembamba cha onyo kilichowekwa makusudi kiiguse diski pedi inapokaribia kwisha. Kishindo kimoja gari linapotoka kinyumenyume kwenda mbele ni cha pedi inayocheza katika kiti chake. Ama muungurumo wa chuma juu ya chuma hauna mjadala: gari lisiendeshwe. Yetu haikuwa mojawapo ya hizo. Ulikuwa mluzi mwembamba, uliosikika gari likienda polepole na breki ikishikwa kidogo tu, ukanyamaza kila mguu ulipokazwa.

Alama hiyo peke yake yasema mengi, maana mluzi wa breki ni mtetemo: pedi hunata kwenye diski, ikateleza, ikanata tena, zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, kama upinde wa fidla unavyoukokota uzi katika taarabu, na diski, kwa kuwa ni bamba pana la chuma, huupaza mtetemo huo hadi njiani. Shinikizo likizidi, pedi hushikika barabara na sauti hufa; kwa hiyo la kuulizwa ni kitu gani kinachoiacha pedi itetemeke. Nao ugomvi huu ni wa kale kama breki zenyewe, kwani Frederick Lanchester alipopata hataza ya breki ya diski huko Uingereza mwaka 1902, pedi zake za shaba zilipiga makelele yasiyostahimilika, na faraja ikaja miaka michache baadaye kwa Herbert Frood na utando wake wa asbesto, dawa ambayo vumbi lake, kama ijulikanavyo sasa, huua. Ndiyo sababu hata leo sipendi kumwona fundi akipuliza vumbi la breki kwa kinywa au kwa upepo wa kompresa.

Gari likaendeshwa masafa mafupi bila ya kufungwa breki kwa nguvu, kisha kiganja kikasogezwa karibu na kila rimu pasipo kuigusa: ya mbele kulia ilikuwa na moto dhahiri kuliko mwenziwe. Lilipopigwa jeki, gurudumu la kushoto lilizunguka kwa msukumo wa mkono, la kulia likagoma.

“Fundi, zile pedi kuukuu uliziweka wapi?”

“Zimo pipani, mzee. Zimekwisha zile.”

Zilikuwa zimekwisha, illa si sawasawa. Ya ndani, iliyokaa upande wa pistoni, ilikuwa imelika hadi karibu na bati lake, na ya nje ilikuwa ingali na nusu ya unene. Kalipa ya gari hili, yaani kile kishikio kinachozibana pedi kwenye diski, ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni huisukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili ili iivute ile ya nje, na pini zikikwama, pedi ya ndani huubeba mzigo wote peke yake. Maradhi basi yalikuwako zamani kabla ya pedi mpya kununuliwa. Zile kuukuu zilinyamaza kwa kuwa zilikwisha kulika kwa umbo la diski, mitaro yake na ukingo wake wa kutu, ilhali pedi mpya iliyonyooka huigusa diski hiyo hiyo kwa nukta chache tu.

Pini ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini, yenye raba nchani, haikutoka ila kwa kuzungushwa na koleo, maana raba ilikuwa imevimba: mtu fulani, katika matengenezo ya nyuma, aliipaka grisi ya beringi, ambayo asili yake ni petroli na huivimbisha raba ya breki, hali inayotakiwa ni grisi ya silikoni. Pini hizo hazifanani, na fundi akizibadilisha mahali hujitafutia kelele nyingine. Fauka ya hayo, vile vibati ambavyo masikio ya pedi hukalia vilikuwa vimepachikwa juu ya kutu isiyokwanguliwa, hata pedi mpya ikabidi iingizwe kwa nyundo, nayo haistahiki zaidi ya kusukumwa kwa kidole gumba. Vibati vya mgongoni, vinavyotuliza mtetemo, vilipatikana pipani humo humo.

“Hivyo havina kazi,” alisema fundi, na si yeye peke yake asemaye hivyo.

Kutu ikaondolewa kwa tupa na brashi ya waya, raba ikabadilishwa, vibati vya mgongoni vikarudishwa vikiwa vimepakwa grisi ya breki kwa nyuma, pasipo tone kufika usoni mwa pedi. Diski ilipimwa ikaonekana ingali juu ya kikomo cha unene kilichochapwa kwenye chuma chake, basi ikatosha kukwanguliwa ukingo na kusuguliwa kwa msasa. Wako wanaoanza kwa kuchonga kona za pedi. Hupunguza sauti mara nyingine, lakini katika gari hili pini ingalibaki imekwama na rimu ingaliendelea kuungua. Kisha pedi zikazoeshwa diski: breki ya wastani kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara kadhaa, bila ya kusimama kabisa na kwa kupumzisha kati yake ili joto lishuke.

Mluzi ulikwisha, na rimu mbili zikalingana joto. Kilichobaki ni mkwaruzo wa alfajiri, wa kutu laini iliyoletwa na umande wa bahari usiku, ambao huondoka breki ikishikwa mara mbili tatu, na kwa huo mwenye gari hapaswi kutozwa hata shilingi moja.