Breka ya 32 Juu ya Waya wa 2.5

Waliotazama video ya yule mwenye nyumba wa Dar es Salaam aliyefunga shawa ya umeme kwa mikono yake wanaikumbuka dakika moja kuliko nyingine zote. Breka ya 20 inakata kwa mara ya tatu, maji yanapoa, jamaa anatoka bafuni, anafungua DB, yaani sanduku la breka, anaichomoa na kuweka ya 32 mahali pake. Maji yanarudi na mvuke, naye anatangaza kwamba kazi imekwisha. Kazi iliharibika hapo hapo.

Mengine aliyafanya vizuri: alizima meini swichi, akapima moto, nyutro na ethi kwa multimita kabla ya kugusa waya, akakaza skrubu zote na kuifikisha ethi hadi kwenye shawa.

Turudi kwenye breka. Shawa ile ni ya wati 5,500. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 23.9. Aliiunga kwenye sakiti ya soketi yenye waya wa 2.5 (milimita za mraba), sakiti ambayo tayari inalisha birika la wati 2,000 jikoni, yaani ampea 8.7 nyingine. Mtu akioga huku mwenzake anachemsha maji ya chai, waya ule mmoja unabeba ampea 32.6.

Je, breka ya 20 ilikosea kukata? Kiwango cha IEC 60898 kinaitaka breka ya nyumbani ivumilie mzigo wa mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kukata, na iwe imekata kabla ya saa kwisha mzigo ukifika mara 1.45. Kwa breka ya 20, mipaka hiyo ni ampea 22.6 na 29. Shawa peke yake inaangukia katikati, ndiyo maana mara nyingine breka ilitulia na mara nyingine ikakata, na mwenye nyumba akaamini kwamba imechoka. Birika lilipowashwa, mzigo ukapita 29, breka ikakata baada ya dakika chache. Ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, na malipo yake yakawa kung'olewa.

Ukiweka ya 32, mpaka wa kuvumilia unapanda hadi ampea 36.2. Zile 32.6 sasa zinapita saa nzima na breka haitikisiki. Waya nao haujabadilika hata uzi mmoja. Jedwali la BS 7671, kanuni za Uingereza ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamesomea, linaupa waya wa shaba wa 2.5 ndani ya paipu ukutani ampea 24, hewa ikiwa nyuzi 30. Kwa mzigo huo waya unafika nyuzi 70, ambazo ndizo ukomo wa plastiki ya PVC inayoufunika. Maana yake, ampea 24 zinaongeza nyuzi 40 juu ya joto la hewa. Joto la waya hupanda kwa mraba wa ampea, si kwa ampea zenyewe: 32.6 ukigawa kwa 24, kisha ukazidisha jibu kwa lenyewe, unapata karibu 1.85. Nyuzi 40 zinageuka 74. Darini, jioni ya Februari, bati likiwa bado limebeba jua la mchana, hewa inaweza kuwa nyuzi 40. Jumla ni 114, na hapo waya jirani zilizobanana kwenye paipu hiyo hiyo hazijahesabiwa.

Mtu mmoja akioga dakika tano, waya hautafika huko. Lakini nyumba yenye watu sita wanaopokezana bafu, birika likiwaka na kuzimwa, inakaribia huko usiku baada ya usiku. PVC hulainika, kisha hukakamaa, kisha hupasuka, na yote hayo yanatokea ndani ya paipu ambamo hakuna anayechungulia. Kibaya zaidi, katika video mezani kwake palikuwa na mita yenye taya. Angezungushia taya zile waya wa moto shawa na birika vikiwa vimewashwa, angeisoma 32.6 kwa macho yake. Hakuigusa. Baadaye alishika testa ya bisibisi, kitaa kikawaka, akaridhika. Testa hiyo safu hii imeilalamikia miaka mingi na itaendelea kuilalamikia: inaonyesha kwamba umeme upo, haijui waya umebeba kiasi gani.

Hoja ya mwenye nyumba ilikuwa kwamba jirani ana breka ya 32 kwenye waya huo huo wa 2.5. Hoja hiyo inazunguka sana mitaani, na inastahili jibu kamili. Jirani ana ringi. Mfumo wa ringi ulizaliwa Uingereza, katika mipango ya kujenga upya nchi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shaba ikiwa adimu, na ukaja pamoja na plagi ya ampea 13 yenye fyuzi ndani, ile ya kiwango cha BS 1363 cha mwaka 1947. Waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote, kisha unarudi kwenye breka ile ile. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili, kwa hiyo mzigo unagawanyika. Ukifungua DB ya jirani utaona waya mbili za moto zimeingia kwenye breka moja, na ukizichomoa na kuzipima ohm ncha kwa ncha, utakuta mzunguko umekamilika. Katika video, kamera ilipoisogelea breka, waya ulioingia ulikuwa mmoja. Jamaa aliutazama, watazamaji waliutazama, akaendelea. Na hata kwenye ringi ya kweli, shawa ya wati 5,500 haina nafasi.

Wahandisi wa zamani waliliona kosa hili mapema na wakalifungia mlango. Fyuzi za Diazed za Siemens, za mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa na kikombe chenye pete ya kipimo kilichofungwa kwenye kitako. Mguu wa fyuzi ya ampea 20, yenye rangi ya buluu, ulikuwa mwembamba kuliko wa 25 ya njano, na wa 35 nyeusi ulikuwa mnene zaidi. Fyuzi kubwa haikuingia penye pete ndogo, hata mtu aking'ang'ana. Hugo Stotz wa Mannheim, aliyesajili breka yake ya kuskurubu mwaka 1924, aliitengeneza iingie kwenye vitako vya fyuzi vilivyokuwepo majumbani. Breka za leo za 20 na 32 zina upana ule ule, zinakaa kwenye reli ile ile, na kinachozitofautisha ni namba iliyochapishwa usoni. Hilo ni kurudi nyuma.

Kuhusu RCD ya miliampea 30 aliyoionyesha kwa fahari, kuifunga lilikuwa jambo jema. Henri Rubin wa Afrika Kusini alihangaika na vifaa vya aina hiyo miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi ya dhahabu, kisha vikaingia katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa Stilfontein. Ila RCD hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na hukata vikitofautiana. Ampea 32.6 zikienda na 32.6 zikirudi, kwake hakuna kilichopotea, na waya unaendelea kupikika.

Kazi sahihi ingechukua nusu siku zaidi: waya wa 6 kutoka DB hadi bafuni, peke yake ndani ya paipu yake, na swichi inayokata moto na nyutro kwa pamoja. Jedwali linaupa waya huo ampea 41. Kwa hewa ya nyuzi 40 zidisha kwa 0.87, zinabaki 35.7. Mzigo 23.9, breka 32, waya 35.7, kila namba iko chini ya inayofuata. Kwa mita 18 za safari, volti zinazopotea zinashuka kutoka 7.7 hadi 3.1, na maji yanapata moto zaidi.

Katika picha za mwisho breka ya 20 inaonekana juu ya friji, karibu na bisibisi. Irudishwe kwenye DB leo, na shawa izimwe mpaka waya wa 6 utakapovutwa.