Mkono unaniuma: anakia ndani ya The Dispossessed

Nikiona neno "anakia" kwenye habari zetu, najua sentensi inayofuata ina mabomu ya machozi. Sisi waandishi ndio tulilizoesha hivyo. Asili yake ya Kigiriki inasema tu "bila mtawala". Haisemi bila utaratibu.

Ursula K. Le Guin aliichukua tofauti hiyo akaijengea riwaya, The Dispossessed (1974). Wafuasi wa mwanamke aitwaye Odo wamehamia Anarres, mwezi mkavu, wanaishi bila serikali, bila pesa, bila jela. Hata lugha wameiunda upya, umiliki ukapunguzwa: husemi mkono wako unauma, unasema mkono unakuuma. Hapo nilicheka peke yangu. Si ndivyo tunavyosema sisi siku zote? Hata nyumba "tunayo", yaani tuko nayo tu, na bado tunagombania viwanja mahakamani. Kwa hiyo kwenye lugha sikumwamini sana.

Nilimwamini kwingine. Shevek, mwanafizikia, hazuiwi na polisi. Anazuiwa na Sabul, mkubwa asiye na cheo, anayetaka jina lake liwemo kwenye kazi ya Shevek ndipo ichapishwe. Rafiki yake Tirin anaandika mchezo wa kuigiza, watu hawaupendi. Anasemwa hadharani, anapangiwa kazi zisizomfaa, mwisho anaishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Ukimtafuta aliyemhukumu, humpati.

Nilifunga kitabu kwa muda. Habari nilizowahi kuzizika mwenyewe, nyingi hakuna mkubwa aliyepiga simu. Tuliulizana tu chumba cha habari, "watu watasemaje?", basi, ikaishia hapo.

Kuna kitu kimenikera. Kwenye karamu moja Shevek, akiwa amelewa, anamshika mwanamke kwa nguvu, na riwaya inapita haraka kana kwamba ni pombe tu. Kwa kitabu kinachouliza nani ana nguvu juu ya nani, hilo ni pengo kubwa.

Lakini anayesema falsafa hii ni ndoto ya watu walioshiba, asome sehemu ya ukame. Shevek anapewa kazi ya kuandaa orodha za nani apunguziwe chakula. Anaiacha, na hakuna wa kumfunga. Anajua pia kwamba mtu wa kuziandika orodha hizo hakosekani.