Mkanda wa Ubingwa na Roho ya Mtu

Msomaji mpenzi, mwenye kusema kuwa mieleka ya Marekani ni urongo mtupu hakukosea, walakini hajamaliza. Urongo wake wajulikana zamani. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon iliwaeleza watunga sheria wa jimbo la New Jersey ya kwamba mapigano yale ni tamasha tu, na mshindi wake hupangwa kabla. Haikusema hayo kwa kuona haya, bali ili isifungwe na sheria za michezo. Basi hilo tuliache. La kupimwa hapa ni lile ambalo, ndani ya tamasha hilo, si urongo.

Litazame pambano lao mashuhuri, la WrestleMania III, lililofanyika tarehe 29 Machi 1987 katika uwanja wa Pontiac Silverdome, jimbo la Michigan. Hulk Hogan aliutetea mkanda wake mbele ya André the Giant, pandikizi la mtu kutoka Ufaransa. Watu waliambiwa kuwa André hajapata kushindwa kwa miaka 15, wala hapana aliyepata kumwinua na kumbwaga. Yote mawili hayakuwa kweli. Hogan mwenyewe alikwisha kumbwaga mwaka 1980. Hata hesabu ya watazamaji iliyotangazwa, 93,173, ina wenye kuipinga mpaka leo.

Pamoja na hayo, kama mchezo wa kuigiza pambano lile lina ustadi, na si haki kuunyima sifa yake. Hadithi yenyewe humwelea hata mtoto: marafiki wawili wamekhasimiana kwa ajili ya mkanda. Mwanzoni Hogan ajaribu kumwinua mwenzake, aelemewe na kuangukiwa. Mwishoni amwinua kweli, na uwanja mzima ukapiga ukelele. Lakini yule aliyebwagwa ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi. André alikuwa na maradhi ya kukua kupita kiasi, mgongo wake ulikwisha kupasuliwa, na chini ya vazi lake alifunga mshipi wa kuutegemeza. Alikubali kushindwa, na maumivu yake hayakuwa ya kuigiza. Alifariki mwaka 1993, naye ana umri wa miaka 46.

Sasa litazame na la pili, ndipo utakapouona ubaya wenyewe. Tarehe 23 Mei 1999, katika mji wa Kansas City, Owen Hart wa Kanada, mwenye miaka 34, alikuwa aupiganie mkanda ulio chini ya ule mkuu. Ilipangwa ateremshwe kwa kamba kutoka darini, amevaa mavazi ya shujaa wa kuchekesha. Kishikizo kikafunguka, akaanguka ulingoni, akafa. Watazamaji wa majumbani waliambiwa kuwa hili si sehemu ya mchezo, na baadaye wakapewa khabari ya kifo. Waliokuwamo ukumbini hawakuambiwa. Mapambano yakaendelea, na usiku ule ule mkanda mkuu ukatoka kwa Steve Austin ukenda kwa Undertaker.

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha. Watu waliozoezwa miaka mingi kuwa kila kuanguka ni mchezo, wangejuaje kuwa huku si mchezo? Nao wenye tamasha, ambao walijua, mkanda wao ungeliweza kungoja. Mkanda ule hutolewa kwa mapatano. Ungetolewa wiki ya pili, usingepungua thamani hata chembe. Mwaka 2000 jamaa wa marehemu walilipwa dola milioni 18 baada ya kushtaki; lakini fedha hazimrudishi baba kwa wanawe.

Basi, ewe mzazi, wanao wakikaa mbele ya televisheni kuitazama mieleka hii, usiwafukuze kwa neno moja la kwamba ni urongo. Wataona damu ya kweli, nawe utakuwa umewaambia lisilotosha, kisha watakwenda kubwagana juu ya sakafu. Waeleze kuwa wale watu wamefunzwa kuanguka, na bado huumia, na wengine wamekufa. Mtoto akikuuliza, "Je, ni kweli au ni mchezo?" mjibu: ushindi ni mchezo, mwili ni kweli.