Ala Hujulikana kwa Welti

Ala mbovu imesifiwa tena, na safari hii waliosifu ni watu waliopaswa kujua. Kwenye mnada wa zana kuukuu za polisi hapa Texas, wazee wastaafu, watu waliobeba rivolva kiunoni tangu ujana hadi pensheni, waliizunguka nakala ya ala ya Bill Jordan, askari wa mpakani aliyesifika kwa kasi ya mkono, wakiipapasa kwa mapenzi. Ilikuwa inang'aa, ina nakshi ya ukili pande zote, na mgongoni ina muhuri wa karakana ya El Paso. "Hii ndiyo yenyewe," mmoja akasema, na fedha zikatoka. Mimi nilichungulia ndani kwa tochi, nikairudisha mezani. Haikuwa yenyewe, na wala haikuwa ala nzuri.

Nimeshona ngozi tangu nilipokuwa mwanagenzi, na sehemu kubwa ya kazi inayoniingia karakanani ni ala za wazee hawa hawa. Wanazileta zishonwe upya, na wakishazitoa kwenye mfuko hawaondoki haraka. Husimulia: nani gari lake lilipinduka mtaroni na rivolva ikabaki mahali pake, nani aliruka uzio akasikia chuma kikilia kwenye lami nyuma yake. Hadithi zote hizo, ukizisikiliza vizuri, zinahusu ala. Ndiyo maana inaniuma kuona macho yaliyoshuhudia hayo yakidanganywa na rangi na mng'ao.

Ngozi nitaipita upesi. Iwe ya ng'ombe, na iwe imetengenezwa kwa magome, si kwa krom. Watu wa Njombe na Eldoret wanayajua magome ya miwati, ambayo dawa yake ilisafirishwa ng'ambo miaka mingi kwa kazi hii. Ngozi ya magome ukiilowesha unaifinyanga juu ya bastola, na ikikauka inalishika umbo. Ya krom hurudi kulegea, hata ufanyeje. Unene ni milimita 3 hadi 4. Mishono iwe 6 hadi 8 kwa inchi, uzi uwe umepita kwenye nta, na ulale ndani ya mfereji wake, kwa sababu uzi uliosimama juu ya ngozi hukatwa na kiti cha gari kabla ya mwaka kwisha.

Rangi ya doria ni nyeusi. Kahawia ni ya wapelelezi. Nakshi ya ukili inaruhusiwa mbele tu. Ikizunguka hadi mgongoni, fundi alikuwa anaficha makovu ya ngozi. Bitana ya ngozi ya manyoya siitaki kabisa: hushika mchanga, na mchanga hula rangi ya chuma kila bastola inapotoka na kurudi.

Sasa tuje kwenye welti, maana hapo ndipo mnunuzi asiye fundi hatazami kamwe. Ala ya rivolva hukunjwa upande wa mbele, pale inapopita shabaha ya mtutu, na hushonwa upande wa nyuma, chini ya pete ya kifyatulio. Ndani ya mshono huo, kati ya kuta mbili, hubanwa ukanda wa ngozi unaoteremka hadi nchani: hiyo ndiyo welti. Kwa nje huoni kitu isipokuwa mstari mwembamba ukingoni. Lakini rivolva ikishaingia, pete ya kifyatulio hukaa juu ya kichwa cha ukanda ule, na hapo ndipo uzito wote unapotua, karibu kilo moja ya chuma na risasi.

Mfikirie askari aliyekaa garini zamu nzima. Kila gurudumu linapoingia shimoni, chuma kinagonga chini. Welti ikiwa nyembamba, pete hujichimbia kati ya kuta, huzipanua, husaga uzi, na rivolva huanza kuzama. Ikizama nusu sentimita tu, mkono unaoshuka kwa mazoea haukuti mpini pale ulipokuwa mwaka jana. Kidole cha kati kinagonga ngozi badala ya kuuzunguka mpini. Mkanda wa kushikia nyundo, uliokatwa kwa kimo cha siku ya kwanza, unalegea. Na kwa kuwa kuta zimepanuka juu na kubana chini, bastola inakwama katikati ya safari, wakati ambao haifai kukwama hata kidogo. Yote hayo yameanzia kwenye kipande cha ngozi ambacho hakuna aliyekiulizia siku ya kununua.

Welti nzuri ina tabaka mbili au tatu za ngozi ile ile ya ala. Kichwa chake huchongwa kwa kisu kufuata mviringo wa pete. Kikiachwa mraba, pete hukaa kwenye kona, na kona husagika. Unene wake hupungua taratibu kadiri inavyoshuka, kwa sababu mtutu ni mwembamba kuliko fremu. Na hupimwa kwa rivolva yenyewe, mkononi, si kwa karatasi ya mfano ambayo fundi aliikuta ukutani. Smith & Wesson Model 10 na Colt Official Police zote ni za .38, na mtu wa mbali angedhani zinavaa ala moja. Lakini fremu ya Colt ni kubwa kidogo, na Smith ukiiweka kwenye ala ya Colt utaisikia ikitikisika kila unapopiga hatua.

Fundi aliyenifunza hakuwa na haja ya tochi. Alifumba macho, akaingiza kidole gumba mdomoni mwa ala, akakiteremsha kwenye mshono hadi kikutane na welti, akabonyeza. Ikibonyea, aliirudisha bila kuuliza imetoka wapi. Siku moja aliletewa ala mbili za fundi mmoja, zinafanana kwa kila kitu, naye akasema hii imechongwa asubuhi na hii jioni mkono ukiwa umechoka. Mwenye kazi alikuwa amesimama pale pale. Alikubali.

Wakubwa wa sanaa hii walilijua jambo hilo kabla yetu. Ala ya Tom Threepersons, askari wa El Paso, iliyotengenezwa katika karakana ya Sam Myres mjini humo, ilipunguza ngozi hadi ikabaki ile tu yenye kazi: pete ya kifyatulio wazi, mpini wazi, hakuna kifuniko kama cha ala za zama za Waingereza tulizoziona kwetu Afrika Mashariki. Ukishaondoa ngozi yote ya ziada, kinachobaki kuishika bastola ni umbo na welti. Kisha akaja Bill Jordan wa Doria ya Mpakani ya Marekani, yule yule aliyewahimiza Smith & Wesson watengeneze Combat Magnum iliyotoka mwaka 1955. Yeye na Myres waliongeza bamba la chuma ndani ya mgongo wa ala ili isipinde, na wakaijaza welti mpaka rivolva ikawa inasimama kimo kimoja daima. Jordan alikuwa akiweka mpira wa tenisi ya mezani juu ya mgongo wa mkono, anachomoa, na mpira unaangukia ndani ya ala iliyobaki tupu. Watu walishangilia kasi ya mkono. Mimi naishangilia pia ile ala, kwa sababu mkono ule ulijua bila kutazama mahali mpini ulipo.

Kuna waliotafuta njia ya chuma. Ala ya Audley, yenye hati miliki ya mwaka 1914, iliishika pete kwa kishikizo cha springi, na kazi yake naiheshimu. Ala ya kombe, ile iliyofunguka kwa kubonyeza kitufe kilichomo ndani ya pete ya kifyatulio, siiheshimu. Wazee wa Los Angeles wanaipenda mno, na walioitazama Adam-12 kwenye televisheni wanaikumbuka ilivyofunguka kwa mshindo. Lakini ala inayomlazimisha mtu kupeleka kidole cha kufyatulia ndani ya pete kabla bastola haijatoka ni ala mbaya, hata ikiwa na bawaba nzuri kiasi gani.

Matapeli nao wanaijua thamani ya jina kama la Jordan. Ngozi mpya huipaka siki iliyolowekewa misumari, na asidi ya magome ikikutana na chuma ngozi inakuwa nyeusi ya kizee kwa dakika chache. Kingo huzisugua kwa msasa, muhuri wanaugonga wenyewe. Niliwahi kufumua ala moja ya aina hiyo kwa ombi la mwenyewe aliyeinunua kwa bei kubwa, na kati ya kuta hapakuwa na ngozi, palikuwa na kadibodi iliyogandishwa kwa gundi. Tapeli huzeesha kile kinachoonekana. Ala iliyofanya kazi kweli ina bonde dogo linalong'aa juu ya welti, pale pete ilipokaa miaka yote, na ndani ina duara hafifu la silinda na mchirizi wa shabaha ya mtutu. Ile ya mnadani ilikuwa na mng'ao wa kizee nje, na ndani welti ilikuwa mraba na safi.

Miaka ya 1980 na 1990 idara nyingi za Marekani ziliiacha rivolva. New York iliruhusu bastola za magazini mwaka 1993. Ngozi nayo ikaondoka, na leo askari wengi wanavaa plastiki iliyofinyangwa kwa moto. Inashika vizuri na haiozi, hilo silipingi. Lakini haimjui aliyeivaa. Ala ya ngozi ya mtu aliyeivaa muongo mzima ilikuwa imechukua umbo la nyonga yake, na ililia kwa namna yake anapoinuka kitini, kiasi kwamba mkewe aliutambua mlio huo mlangoni. Leo mafundi wanaojua kuchonga welti ya Jordan kwa mkono wamebaki wachache, na wengi wao ni wazee.

Kwa hiyo ukirithi ala ya baba au babu, usiihifadhi na bastola ndani yake: ngozi hunywa unyevu, na chuma kitapata kutu. Usiizamishe kwenye mafuta, itanyong'onyea na haitarudi. Mshono ukikatika, mpelekee fundi atakayepitisha uzi mpya kwenye matundu yale yale ya zamani. Akikwambia abadilishe na welti, mkatalie, ichukue ala yako uondoke.