Peni Moja Mlangoni

Mwaka 1541, chini ya Mfalme Henry VIII, Uingereza ilipitisha sheria iliyowakataza mafundi, vibarua na watumishi kucheza tenisi, kete, karata na tufe (bowls) isipokuwa wakati wa Krismasi. Faini ilikuwa shilingi 20. Lakini kwa mwenye ardhi ya kuingiza pauni 100 kwa mwaka, tufe liliweza kuchezwa bustanini mwake hata katikati ya Julai.

Tukiorodhesha michezo ya matajiri na maskini wa enzi za wafalme wa ukoo wa Tudor (1485–1603), tutaona inafanana kuliko tunavyodhani. Karata walicheza wote. Dubu aliyefungwa mnyororo akishambuliwa na mbwa alimfurahisha Malkia Elizabeth wa Kwanza sawa na mchuuzi wa samaki. (Ukatili haukuwa na tabaka.) Tofauti ilikuwa katika saa na kiwanja. Sheria nyingine, ya 1563, ilimtaka kibarua awe kazini tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja au mbili za jioni, kuanzia Machi hadi Septemba. Tajiri alikuwa na mchana wake na msitu wa kuwindia paa.

Pengo hilo lilimpa James Burbage biashara. Alikuwa seremala kabla ya kuwa mwigizaji, na mwaka 1576 alijenga ukumbi wa maigizo Shoreditch, nje ya mamlaka ya madiwani wa London waliochukia maigizo. Katika kumbi za aina hiyo peni moja ilikuingiza uani, ukasimama jua au mvua. Ya pili ilikupandisha roshani. Ya tatu ilikupa nafasi nzuri zaidi na mto wa kukalia. Mchezo ulikuwa mmoja, ila kila mfuko ulilipa kadiri yake, na gharama ikagawanywa kwa mamia ya vichwa. Dosari yake ilikuwa mwanga: maigizo yalifanyika alasiri, kwa hiyo mwanagenzi aliyekuwepo alikuwa ametoroka kazi. Madiwani walililalamikia hilo sana.

Nairobi ya kikoloni iliyarudia haya bila aibu. Klabu ya Muthaiga, ya walowezi wa Kizungu, ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1913. Mbio za farasi zilikuwa upande wa Kariokor hadi 1954 zilipohamia Ngong Road. Barabara ya Race Course bado inabeba jina la mbio hizo. Jirani tu, Pumwani, Mwafrika alikunywa pombe kwenye ukumbi wa manispaa. Bia ya chupa alikatazwa hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili, na kutembea usiku kulihitaji kibali. Kilichoniudhi zaidi nilipoisoma historia hiyo ni hesabu yake: faida ya pombe ile ndiyo iliyosaidia kugharamia huduma za Waafrika mjini. Mnywaji alijijengea mtaa kwa bilauri.

Sasa njoo Nairobi ya leo, Kware, wadi ya Embakasi Kusini, kwenye ghorofa zilizobanana hadi jua linaingia kwa zamu. Kiwanja ni haba, nyumba ni chumba kimoja. Mwenye kibanda cha vidio anaifanya hesabu ya Burbage bila kumjua. Anakodi chumba cha mabati, anapanga mabenchi, anaziba mianya kwa magunia ili mwanga usiingie na mpita njia asichungulie bure. Televisheni moja na king'amuzi kimoja vinalipwa na makalio arobaini. Mchana ni filamu, kiingilio kidogo, wengi wakiwa vijana waliokosa kibarua siku hiyo. Hapa DJ Afro, msimulizi wa filamu, ana kazi kubwa: filamu ya Kihindi au ya Kichina, yeye anaisimulia juu kwa juu kwa Kiswahili cha mtaani, anawabatiza wahusika, anawatania, na asiyeelewa lugha ya filamu hakosi kitu. Jioni na wikendi ni ligi ya Uingereza, na bei inapanda Arsenal wakikutana na Manchester United. Wanaochelewa wanasimama nyuma, kama wale wa uani.

Na tofauti na Burbage, huyu anauza usiku. Vibarua wa viwandani wakitoka jioni, mara nyingi mechi kubwa bado haijaanza.

Sheria nayo haijaondoka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, iliyoandikwa miaka ya mwisho ya ukoloni, ingali inamtaka mwenye kibanda awe na leseni. Mwenye runinga kubwa sebuleni mwake Karen, mtaa wa matajiri, haulizwi. Ada hiyo, pamoja na kodi ya chumba na king'amuzi, huingia kwenye kiingilio. Stima ikikatika dakika ya themanini, watazamaji hudai pesa zao, na mwenye kibanda mwerevu hutangaza mlangoni, kabla mpira haujaanza, kwamba baada ya mapumziko harudishi kitu.