Ufuta Mkononi mwa Mchawi

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons, mchawi atakaye kupita katikati ya ukuta wa mawe hahitaji nyundo wala sururu. Huhitaji chembe chache za ufuta. Ndivyo kilivyoamuru kitabu cha wachezaji kilichochapwa Marekani mwaka 1978, na matoleo yaliyofuata hayakuifuta amri hiyo: tabano la kupita ukutani hutaka maneno ya kutamkwa, ishara ya mkono, na ufuta kidogo. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa ufuta huo umechotwa ghala gani. Ni simsim ile ile ya Ali Baba, jina la punje lifungualo mlango wa pango la wezi. Kisa hicho Hanna Diyab wa Halab alimsimulia Mfaransa Antoine Galland mjini Paris mwaka 1709, Galland akakichapa mwaka 1717, nacho kikazunguka dunia hadi kikafika barazani petu na, kwa njia nyingine, mezani pa waliobuni mchezo huu huko Wisconsin.

Nimetanguliza punje hizi kwa kuwa ndizo zitakazotupimia jambo lenyewe. Tangu mwaka 2022, zilipotolewa kwa umma programu za akili mnemba zichorazo picha kwa kuandikiwa maneno, kama vile Midjourney na Stable Diffusion, wachezaji wengi wamekuwa wakizipa matabano ya mchezo na kupokea picha papo hapo. Zamani aliyetaka picha ya tabano alilolitunga mwenyewe hakuwa na budi kumlipa mchoraji au kushika kalamu yake. Leo husubiri kitambo kidogo tu. Picha zenyewe, waama, zinavutia: majoho yanapepea, mwanga unamiminika, mawe yana umande. Ninalouliza mimi ni je, picha hizo ni vielelezo?

Neno hilo halikukaa mbali na kueleza. Kielelezo hutueleza kitu ambacho maandishi yamekidokeza tu, au hutuonyesha kwamba mchoraji ameyasoma maandishi akayafahamu. Pambo halina deni hilo. Hupamba tu, na likihamishwa ukurasa huu likapelekwa ule hapana atakayegundua. Aghalabu picha za mashine nilizozitazama ni mapambo, na sababu yake imo katika namna matabano yalivyotungwa na namna mashine isomavyo.

Kwa asiyeujua, mchezo huu uliasisiwa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974. Watu wachache huketi pamoja. Mmoja huwa msimulizi, kila mmoja katika waliosalia hujivika nafsi ya mhusika, na dadu huamua mengi katika yale ambayo ulimi umeyakusudia. Ni ngano isimuliwayo na wengi kwa zamu. Tabano ndani yake ni kifungu kifupi cha maandishi, lenye umbali, muda, athari, na aghalabu kitu cha kushikwa mkononi. Ni katika hicho kitu cha mkononi ndipo Gygax alipoficha ucheshi wake.

Tuyatazame machache. Tabano la mpira wa moto hutaka kidonge cha mavi ya popo na kiberiti, ile madini ya manjano. Anayejua kwamba mavi ya popo yana nitrati, na kwamba shura ikichanganywa na kiberiti na makaa hupatikana baruti, atacheka peke yake. Tabano la radi hutaka kipande cha manyoya na kijiti cha kaharabu au kioo: sugua kimoja kwa kingine, utapata umeme mdogo ule wa vidoleni, na neno la Kigiriki la kaharabu ndilo lililozaa jina la umeme katika lugha za Ulaya. Atakaye kusoma mawazo ya mwenziwe hushika sarafu ya shaba, kwani Mwingereza humtania aliyezama fikrani kwa kumwambia kwamba atampa senti moja ayatoe yaliyo moyoni. Atakaye kufahamu kila lugha hushika mfano mdogo wa udongo wa mnara wa ngazi, ule wa Babeli, ndimi zilikovurugika. Na atakaye kutoonekana hushika ukope mmoja uliofungwa ndani ya utomvu wa mgunga.

Mpenzi wa ushairi ataitambua mara moja kazi hii. Haya ni mafumbo. Kitu kidogo kimewekwa mahali pa kikubwa, na baina yao pana uzi ambao msomaji hana budi kuuona mwenyewe. Malenga wetu akitaja ua, jahazi au jiko, hatuulizi ua la rangi gani, twauliza nani. Gygax hakuwa malenga, na nathari yake mara nyingi ni nzito kama kanuni za forodha, lakini katika vitu hivi vya mkononi alifumba, na alifumba vizuri.

Sasa tazama mashine isomavyo. Programu ya aina hii hufunzwa kwa jozi nyingi mno za picha na maelezo yake. Mkusanyo uitwao LAION-5B, uliotoa sehemu ya mafunzo ya Stable Diffusion, una jozi zaidi ya bilioni 5. Hufunzwa kuondoa uchafu katika picha iliyochafuliwa, kidogo kidogo, hata ikaweza kuanza na uchafu mtupu, mfano wa chenga za televisheni isiyoshika stesheni, na kuusafisha kuelekea picha ambayo maneno yaliyoandikwa yangelingana nayo. Hapo pana ustadi mkubwa wa kihesabu, nami siudharau. Lakini maneno kwake ni ishara ya mambo ambayo kwa kawaida huonekana pamoja. Mpe tabano la kupita ukutani: ukuta, mchawi, mlango. Atakupa tao la mawe linalong'aa buluu na mtu wa joho aliyetupa mgongo. Ufuta haumo, au kama umo, umekuwa cheche za dhahabu zinazoelea hewani, kwa kuwa katika picha za uchawi alizofunzwa, vitu vidogo vinavyotoka mkononi ni cheche.

Katika kisa cha Ali Baba yumo Kasim, yule nduguye, aliyeingia pangoni akalisahau neno la kutokea. Hakusahau yote. Alikumbuka kwamba ni jina la punje, akataja shayiri na nyinginezo, mlango usijongee, hata wezi wakaja wakamkuta. Mashine imesimama hapo aliposimama Kasim. Inajua jamii ya kitu. Haijui kwa nini ni hiki na si kile. (Mchezo, tuseme kwa haki, una huruma kuliko kisa: njia ya ukutani hudumu saa 1, na ikijifunga hali ya kuwa kuna mtu ndani, mtu huyo hutolewa nje salama.)

Mtihani mzito zaidi ni tabano la kimya. Hili halina kitu cha mkononi. Ndani ya duara lake hapana sauti iwezayo kuzuka, na kwa hivyo hapana tabano lenye maneno liwezalo kutamkwa; mchawi adui aliyenaswa humo hubaki na kinywa kilicho wazi. Mchoraji hodari atauliza kimya kinaonekanaje. Pengine atachora kengele iliyopigwa na mbwa aliyelala karibu yake asiinue sikio. Pengine atachora kinywa hicho tu, na macho yanayokitambua kilichotokea. Programu hufunzwa kwa maelezo ya picha, na maelezo ya picha husema kilichopo. Ni nadra mtu kuandika chini ya picha yake kwamba hapana tembo. Ndiyo maana programu za mwanzo, zikiambiwa zichore chumba kisicho na tembo, mara nyingi zilichora tembo. Kukosekana kwa kitu hakuna sura ghalani mwao. Nami nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya ushairi, wetu na wa wengine, inakaa humo humo: aliyeondoka, barua isiyokuja, kiti kilichobaki kitupu.

Mambo ya vidole nitayapita haraka. Matabano hutaka ishara za mkono, nazo picha za 2022 na 2023 zilisifika kwa mikono yenye vidole sita au saba. Watu walicheka sana. Kasoro hiyo imepungua mno tangu hapo, na anayejenga hoja yake juu ya vidole amejenga juu ya mchanga.

Yupo atakayenijibu kwamba mtumiaji anaweza kuiamuru mashine: chora ufuta kiganjani, chembe tatu zimeanguka kizingitini, usichore cheche. Ni kweli, na picha bora nilizoziona zilitokana na watu wa namna hiyo. Lakini tazama kilichotendeka. Fumbo amelifumbua mtu. Mashine imepewa jibu tayari. Kijana asomaye tabano kwa makini hata akajua la kuamuru, huyo amekwishapata faida ya tabano kabla picha haijatoka, na simlaumu kwa kuitumia mezani kwake na rafiki zake, asiokuwa na fedha ya kumlipa mchoraji. Ninayemhofia ni yule anayebandika kifungu kizima, akapokea tao la buluu, na tangu siku hiyo tao hilo likawa ndilo tabano machoni mwa meza nzima. Kabla ya picha, watu watano walikuwa na mipira mitano ya moto vichwani mwao, na mazungumzo ndiyo yaliyoilinganisha.

Kisha kuna hesabu ya haki. Januari 2023 kampuni inayoumiliki mchezo, Wizards of the Coast, iliyaweka maandishi ya kanuni za msingi, pamoja na mengi ya matabano niliyoyataja, chini ya leseni huria inayoruhusu yeyote kuyanakili kwa sharti la kutaja yalikotoka. Maneno, basi, yalitolewa na mwenyewe kwa hiari. Picha hazikutolewa hivyo. Zilikusanywa kutoka mtandaoni bila wachoraji kuulizwa. Greg Rutkowski, Mpolandi aliyeuchorea mchezo huu, alikuta mwaka 2022 kwamba jina lake limeandikwa katika maagizo ya mashine makumi ya maelfu ya mara, na kwamba akilitafuta jina hilo hukutana na kazi zisizo zake. Mwezi huo huo wa Januari 2023 wasanii watatu walifungua kesi huko San Francisco dhidi ya watengenezaji wa programu hizi, na Agosti 2024 jaji akaruhusu madai ya hakimiliki yaendelee kusikilizwa.

Agosti 2023 jambo hili liliingia ndani ya vitabu vyenyewe. Wasomaji wa kitabu kipya cha majitu waligundua dalili za mashine katika baadhi ya michoro. Kampuni ikasema haikuwa na habari kwamba mchoraji wake aliitumia kukamilishia kazi, ikawakataza wachoraji wake kufanya hivyo. Kitabu hicho kimepewa jina la mchawi Bigby, ambaye katika mchezo husifika kwa tabano la kuumba mkono mkubwa angani. Sitaki kulikamua tukio hilo zaidi ya hapo.

Lakini haifai kuwasafisha wanadamu kwa kuipaka mashine matope. Tao la buluu na joho lenye kupepea mashine haikuvizua, ilivikuta. Kwa miaka mingi vitabu vya mchezo na majalada ya riwaya za ajabu vimekuwa vikilipia mwanga, misuli na moshi, na mchoraji aliyeleta ukope ndani ya utomvu huenda asingeajiriwa mara ya pili. Mashine imekusanya desturi hiyo, ikaichukulia wastani, ikaturudishia. Tukichoshwa na tunachokiona, tumechoshwa na soko letu wenyewe.

Kitabu cha msimulizi cha mwaka 1979 kina mchoro wa David Trampier, wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, wa mchawi Emirikol akipita mbio juu ya farasi katika njia ya mjini. Hauna rangi hata moja. Yapo maduka, kuna kibao cha mkahawa, kuna watu waliokuwa na shughuli zao kabla uchawi haujawafikia, na mtazamaji hubaki akijiuliza mtu huyu amekosewa nini hata akatenda haya mchana kweupe. Hakuna kifungu cha kanuni kilichomwamuru Trampier achore mtaa. Alifikiri kwamba uchawi, ukitupwa, lazima utupwe mahali wanapoishi watu. Ningependa kumwona mchoraji wa leo, kwa kalamu au kwa mashine, akilichukua tabano la kupita ukutani kwa fikra hiyo: nyumba ya nani iko upande wa pili wa ukuta, na asubuhi nani atazikuta chembe za ufuta sakafuni.